Kubomoka na Kubomolewa: Swali la Kimaadili Nyuma ya Mchoro wa Tanuf

Msafiri atokaye Nizwa kuelekea Bahla huupitia mji wa kale wa Tanuf, chini ya milima ya Jabal Akhdar, mahali wadi yenye jina hilohilo inapofunguka kuelekea tambarare. Kuta za udongo zimesimama nusunusu, na baadhi yake zina matao ya madirisha yasiyo na chumba nyuma yake. Kando yake maji ya falaji yangali yanapita. Katika miaka ya 1950, vita vya Jabal Akhdar vilipoukutanisha Uimamu wa Oman ya ndani na utawala wa Sultani Said bin Taimur, Tanuf ilikuwa makao ya Sheikh Suleiman bin Himyar al-Nabhani, kiongozi wa Bani Riyam, aliyesimama upande wa Imamu Ghalib bin Ali. Ndege za Jeshi la Anga la Uingereza, mshirika wa Sultani, ziliushambulia mji huo. Watu wake hawakurudi kukaa ndani ya kuta zile; Tanuf ya leo ni makazi mapya yaliyojengwa jirani. Wengi nchini Oman hulikuta jina hilo kwanza kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Mtu anayetaka kueleza hali ya kuta hizo kwa Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya vitenzi viwili vilivyotoka katika shina moja. Anaweza kusema kwamba mji umebomoka, au kwamba umebomolewa. Wanasarufi huiita ya kwanza kauli ya kutendeka na ya pili kauli ya kutendwa. Katika ya kwanza, tendo limeufika ukuta kana kwamba limetoka ndani yake lenyewe: mvua zimenyesha, miaka imepita, udongo umechoka. Katika ya pili kuna mkono, hata kama mwenye mkono hakutajwa. Anayesema “umebomolewa” amemfungulia msikilizaji mlango wa kuuliza: na nani? Anayesema “umebomoka” ameufunga mlango huo, na mara nyingi bila kujua kwamba ameufunga.

Swali la insha hii linahusu mahali ambapo uchaguzi huo unafanyika siku hizi bila kuonekana. Na achukuliwe mtu wa kubuni, kijana wa Nizwa au wa London, anayetengeneza ukurasa wa wavuti kuhusu miji ya kale ya Oman na kutaka kuweka ndani yake mchoro wa Tanuf. Hachori kwa kalamu, anaandika. Mchoro wake ni maandishi ya SVG, lugha ya michoro iliyojengwa juu ya misingi ya XML, na maandishi hayo anayapachika ndani ya ukurasa. Je, katika kazi hiyo ambayo wengi wangeiita ya kiufundi tu, ana wajibu wowote wa kimaadili kuhusu kitenzi atakachokitumia mahali ambapo karibu hakuna atakayekitazama?

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kueleza kidogo XML ni kitu gani. Ni kanuni za kuandika alama ndani ya matini, zilizopitishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998. Alama hizo huitwa tagi, na kila kipande kilicho baina ya tagi ya kufungua na tagi ya kufunga huitwa elementi. Kanuni zenyewe ni chache na kali: kilichofunguliwa lazima kifungwe, na kilichofunguliwa ndani ya kingine lazima kifungwe kabla ya hicho kingine kufungwa. Hati inayokiuka hayo si hati ya XML hata kidogo, na programu inayoisoma inatakiwa kusimama na kutangaza kosa. Lakini kuhusu majina ya alama, XML haiamui chochote. Mwenye kuandika anaweza kukiita kipande cha matini “ukuta”, “nyumba”, “kaburi” au “shabaha”. Mashine itakagua kama alichokifungua amekifunga. Haitakagua kama alichokiita ndicho kilivyo. Ukali wote uko katika umbo, na uhuru wote uko katika kutaja. Kwa hiyo hati inaweza kupita kila mtihani wa mashine na bado ikawa imesema uongo.

SVG ni mojawapo ya lugha zilizojengwa juu ya kanuni hizo, na W3C iliipitisha rasmi mwaka 2001. Ndani yake mna elementi za mistari, duara na njia zilizopinda. Lakini mna pia elementi ambazo hazichori chochote. Moja huitwa title, nayo hubeba jina la mchoro au la sehemu yake. Nyingine huitwa desc, nayo hubeba maelezo. Ya tatu, metadata, hubeba taarifa kuhusu mchoro wenyewe: nani aliuchora, lini, kwa kutegemea nini. Msomaji mwenye macho anayetazama kuta za Tanuf kwenye skrini haoni maelezo hayo. Anayeyasikia ni msomaji asiyeona, ambaye programu ya kompyuta yake humsomea ukurasa kwa sauti. Kwake yeye, kuta hazipo kabisa isipokuwa katika maneno hayo. Mwingine anayeyasoma ni mashine inayokusanya maarifa ya wavuti na kuyapanga kwa ajili ya watakaouliza kesho. Hivyo sehemu isiyoonekana ya mchoro si pambo. Kwa baadhi ya watu, hiyo ndiyo Tanuf pekee watakayoipata.

Namna ya kupachika nayo ina maana yake. Mchoro wa SVG unaweza kuitwa kutoka nje kama picha ya kawaida. Ukiingia hivyo, unakuwa kama mgeni aliyeketishwa barazani: anaonekana, anasalimiwa, lakini maneno aliyonayo moyoni hayaingii ndani ya nyumba. Title na desc zilizomo ndani ya faili hazitasomwa kama sehemu ya ukurasa. Kitakachosomwa ni maneno machache ambayo mwenye ukurasa ameyaandika kando ya picha. Njia ya pili ni kuyaandika maandishi ya SVG moja kwa moja ndani ya maandishi ya ukurasa, jambo lililoingizwa katika HTML5, toleo lililopitishwa rasmi tarehe 28 Oktoba 2014. Hapo mgeni amevua viatu na kuingia. Maneno yake yanatafutika, yanasikika na yanaweza kunakiliwa pamoja na maneno ya wenyeji.

Lakini mgeni akiingia ndani, ni lazima ajulikane ni wa ukoo gani, maana majina hufanana. HTML ina title yake, nayo SVG ina ya kwake, na kazi zao si moja. Ufumbuzi uliotolewa mwaka 1999 ulikuwa kulipa kila jina nasaba: anwani inayotangaza kwamba neno hili ni la SVG na lile ni la HTML. Kwa watu wa Oman na wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Suleiman wapo wengi. Al-Nabhani, al-Riyami au al-Harthi ndiyo yanayosema ni Suleiman wa nani. Tena nasaba husafiri. Habari za Pate zinasimulia kwamba masultani wa kisiwa hicho, Wanabahani, asili yao ilikuwa Oman. Jina lililosikika chini ya Jabal Akhdar linasikika pia katika funguvisiwa la Lamu, na maana yake haikamiliki bila kujua limetoka wapi na limepokewa na nani.

Baada ya maelezo hayo, yule kijana wa kubuni anaweza kurejea mezani kwake. Amemaliza kuchora kuta. Anafika kwenye elementi ya desc, na kishale kinapepesa. Jibu jepesi ni kuandika “magofu ya Tanuf” na kuendelea. Ana watangulizi. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo data zake huweza kuchukuliwa kwa umbo la XML, ina lebo mahususi kwa magofu ya kihistoria, nayo hutaja hali bila kutaja sababu. Gofu ni gofu, liwe limetokana na tetemeko, ufukara, kuhama au roketi. Kwa msafiri anayetafuta njia, huenda hiyo inatosha.

Watetezi wa jibu hilo wana hoja zisizopaswa kudharauliwa. Hoja ya kwanza ni kwamba lebo si mahakama. Vita vya Jabal Akhdar vilikuwa na pande, na kila upande ulikuwa na dai lake kuhusu uhalali wa utawala. Anayeandika maneno kumi nyuma ya mchoro hana nafasi ya kuzipima hoja hizo. Hoja ya pili ni ya wenyeji wenyewe. Oman ya baada ya 1970 ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya azma ya kutoyafukua ya nyuma, na wajukuu wa waliopigana wamekaa darasa moja na kufanya kazi ofisi moja. Nani amempa kijana huyo, hasa akiwa London, ruhusa ya kuwakumbusha? Hoja ya tatu ni kwamba kimya kina heshima yake. Si kila kilichotokea lazima kitajwe kila kinapoonekana.

Hata hivyo, hoja hizo zinachanganya mambo mawili: kutaja mtenda na kutoa hukumu. Kusema kwamba Tanuf ilibomolewa na mashambulizi ya ndege wakati wa vita hakusemi nani alikuwa na haki katika vita hivyo. Mtu anaweza kuamini kwamba Sultani alikuwa na haki ya kuiunganisha nchi, na mwingine akaamini kwamba Imamu alikuwa na haki ya kuilinda, na wote wawili wakakubaliana kwamba kuta hizi hazikuangushwa na mvua. Kauli ya kutendwa haimhukumu mtu. Inazuia tu jambo lililotendwa lisigeuzwe kuwa jambo lililojitendekea. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko wapinzani wanavyodhani. Na kwa kuwa ni kidogo, udhuru wa kukikataa nao unapungua.

Ugumu wa kweli uko mahali pengine, na ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili walio Muscat, Nizwa au Ibra wanapoguswa. Miongoni mwao zimo familia zilizotoka Unguja na Pemba baada ya Januari 1964. Wanajua vizuri tofauti ya kuondoka na kuondolewa. Mtu akisoma mahali fulani kwamba “Waarabu wengi waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi”, huku yeye akikumbuka mlango uliovunjwa, huona kwamba sarufi imemdhulumu mara ya pili. Anadai kauli ya kutendwa, na ana haki ya kuidai. Lakini kanuni anayoidai haimilikiwi na mtu mmoja. Kama Tanuf ilibomolewa na familia hizo ziliondolewa, basi watu waliolima mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 nao hawakufika tu, wala hawakuhamia. Waliletwa. Walikamatwa, wakanunuliwa, wakavushwa bahari, na wenye mashamba walijulikana kwa majina na nasaba zao. Soko la watumwa la Unguja halikufungika. Lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza, dola ileile ambayo miongo minane baadaye ilituma ndege Tanuf.

Hapa ndipo adili ya kitenzi hupimwa. Ni rahisi kuidai kauli ya kutendwa pale mtu anapokuwa mtendwa, na kuikimbilia kauli ya kutendeka pale jamaa zake walipokuwa watenda. Kila jamii ina magofu yake yaliyobomolewa na magofu yake yaliyobomoka, na mara nyingi mpaka baina ya makundi hayo mawili hauchorwi na ushahidi bali na ukoo. Anayeandika alama nyuma ya ukurasa kuhusu Tanuf anafanya jambo la haki ikiwa tu yuko tayari kuandika alama za namna hiyohiyo atakapochora shamba la Unguja, hata kama jina litakalokaa mahali pa mtenda ni jina la babu yake. Kinyume chake nacho ni kweli: anayechora shamba hilo na kuwataja wenye watumwa hawezi, akifika 1964, kurudi kwenye vitenzi visivyo na mkono.

Wapo waliokwishakutana na tatizo linalofanana na hili, nao ni wahariri wa hati za kale. Mradi wa TEI, ulioanza mwaka 1987 na baadaye kuhamia kwenye XML, umetunga alama za kuandika matini za zamani kwa kompyuta, na hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, kama zile zilizohifadhiwa SOAS mjini London na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mfano mzuri wa haja yake. Katika hati hizo herufi ya ba yaweza kubeba sauti za b, p au mb, na irabu moja iliyoandikwa yaweza kusomwa i au e. Wadudu wametoboa karatasi; maji yamefuta wino. Mhariri akiandika tu kile anachodhani, msomaji hatajua wapi mshairi amesema na wapi mhariri amekisia. Kwa hiyo TEI ina elementi ya pengo, na pengo hilo huweza kupewa sifa ya sababu: limetokana na kuchanika, kufutika au kukatwa kwa makusudi na mdhibiti. Ina alama ya kisichosomeka vizuri, na ya kilichojazwa na mhariri. Ina sifa ya kusema ni nani anayewajibika kwa usomaji huo, na nyingine ya kusema ana uhakika wa kiasi gani.

Mpangilio huo wa TEI una hekima inayovuka mipaka ya hati. Unakubali kwamba pengo ni sehemu ya habari, na kwamba pengo lisilotajwa sababu yake halijaelezwa. Unakubali pia kwamba anayeeleza ni mtu, si sauti kutoka mbinguni, na kwamba uhakika wake una viwango. Yule kijana akiuchukua utaratibu huo, desc yake haitakuwa tamko la kisiasa wala kimya cha adabu. Itasema kilichoonekana, kwa nini kiko hivyo, kwa mkono wa nani na kwa uhakika gani. Asipojua ukuta fulani uliangushwa na roketi au uliporomoka miaka 30 baadaye kwa kukosa matengenezo, ataandika kwamba sababu ya ukuta huo haijulikani. Kwa ukuta huo, “umebomoka” ndilo neno la haki, maana kauli ya kutendeka si uongo kila mahali; ni uongo pale tu mtenda anapojulikana na kufichwa.

Lipo onyo moja zaidi. Kwa kuwa sehemu hizo hazionekani, zinaweza kugeuzwa maficho. Mtu anaweza kuandika “magofu ya kupendeza” katika sehemu inayosomwa na wote, kisha akaweka ukweli ndani ya metadata, akajiambia kwamba ametimiza wajibu. Au akauweka ndani ya maoni ya msimbo, yale maandishi ambayo kivinjari huyaruka na ambayo yapo kwa ajili ya mtu atakayefungua faili kulihariri. Huo ni ukiri wa mtu aliyekwenda kukiri chumba kisicho na watu. Kinyume chake ni kibaya vilevile: ukurasa unaosema ukweli kwa wenye macho, huku asiyeona akisomewa “picha ya kuta” na kuachwa hapo. Kilichofichika na kilicho wazi vinapaswa kusema jambo moja. Hata lugha inahusika. Maelezo ya Kiswahili yasipotiwa alama ya lugha, ambayo kwa Kiswahili ni sw, programu ya kusoma kwa sauti yaweza kuyatamka kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asipate kitu. Ukweli uliosemwa kwa namna isiyosikika haujamfikia aliyekusudiwa.

Bila shaka yapo yanayoweza kusemwa dhidi ya uzito wote huu. Maneno kumi nyuma ya mchoro hayatamrudisha mtu yeyote katika nyumba yake ya Tanuf, kama ambavyo hayatamrudisha mwingine Unguja, wala hayatamfidia aliyeletwa Unguja kwa minyororo. Ni kweli. Lakini maneno hayo ndiyo yatakayonakiliwa. Mashine zinazojifunza kutoka katika wavuti hazipandi garimoshi wala gari kwenda Tanuf. Husoma kilichoandikwa, na miaka 20 ijayo mtoto atakayeuliza kilichotokea chini ya mlima ule atajibiwa kwa kitenzi alichokikuta mtu fulani kikiwa rahisi kukiandika jioni moja. Udhaifu wa alama, yaani udogo wake na kutoonekana kwake, ndio unaoipa maisha marefu: hakuna anayebishana nayo.

Wazee wa falaji hugawa maji kwa zamu, na kila mwenye zamu hupata yake awe mkubwa au mdogo. Kazi ya kutaja inadai utaratibu wa aina hiyo. Tanuf ipewe kitenzi chake, Unguja ya 1964 ipewe chake, mashamba ya karne ya 19 yapewe chake, kwa kipimo kilekile na bila kuangalia nani amesimama kwenye mfereji. Kijana aliye mbele ya kishale kinachopepesa hahitaji kuimaliza historia ya Oman kabla ya kulala. Anahitaji kuandika kwamba mji huu ulibomolewa, kuandika na nani na lini kwa kadiri ajuavyo, kisha kuifunga elementi yake kama kanuni inavyotaka.